MAHINDI YA MKULIMA, KIBALI CHA NANI?

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa mbele ya vijana wa jijini Dar es Salaam waliotaka kuelezwa kwa nini unga unapanda bei wakati wazazi wao waliobaki shamba hawaoni faida. Nayaleta gazetini kama nilivyoyasema. Nimepunguza marudio tu.

Ndugu zangu,

Nimeombwa nizungumzie soko la mahindi, na tayari nimesikia mtu kule nyuma akiguna. Namwelewa. Mtoto wa mjini anauza mitumba, anaendesha bodaboda, anapiga debe stendi. Habari za magunia na maghala anawaachia wazee wa shamba.

Lakini jioni utakula nini, kaka? Ugali. Na yule mama anayekupigia simu kuuliza kama umejaliwa chochote, anaishi kwa nini? Kwa mahindi. Kwa hiyo wewe ni mnunuzi wa mahindi, na papo hapo ni mtoto wa muuza mahindi. Bei ikipanda unaumia tumboni. Ikishuka unaumia mfukoni, maana simu ya mama itakuja tu. Ubishi huu unakugusa pande zote mbili.

Ubishi wenyewe ni huu. Tangu miaka ya 1970 hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, mkulima wa Tanzania alilazimishwa kuuza nafaka yake kwa mnunuzi mmoja tu, naye ni serikali. Mfumo huo ukafa. Tangu ufe, wakulima hawajakubaliana. Wapo wanaosema siku hiyo walifunguliwa minyororo, na wapo wanaosema siku hiyo walitupwa porini. Nitawapa hoja za pande zote mbili, kisha nitasema yangu.

MNUNUZI MMOJA NCHI NZIMA

Tuanze na historia, maana wengi humu hatukuwapo duniani.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilitaifisha viwanda vikubwa vya kusaga nafaka. Mwaka 1968 likaundwa shirika ambalo wazee wetu wanalijua kwa herufi tatu tu: NMC, yaani Shirika la Taifa la Usagishaji. Mwaka 1973 likakabidhiwa pia kazi ya kununua nafaka, ambayo hapo nyuma ilikuwa ya Bodi ya Taifa ya Mazao ya Kilimo ikipitia vyama vya ushirika. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika vyenyewe. Tangu hapo kijiji kikawa wakala, na NMC ikawa mnunuzi, mwenye ghala, msagishaji na muuzaji wa unga.

Kazi ilikwenda hivi. Serikali ilitangaza bei ya msimu. Mkulima akavuna, akapukuchua, akapeleka mzigo kijijini kupimiwa. Magunia yakapangwa kusubiri lori la shirika. Lori likiwahi, heri. Likichelewa, mvua ikaanza, mahindi yananyeshewa yakiwa yamepangwa nje. Fedha nazo zilikuwa na safari yake. Si mara moja wala mbili mkulima aliona mzigo wake ukiondoka msimu huu, na malipo yakamfikia wakati ameshaanza kupalilia shamba la msimu mwingine.

Je, aliruhusiwa kumuuzia mtu mwingine? Kwa sheria, hapana. Kusafirisha nafaka kulitaka kibali, na bila kibali mtu aliachiwa kubeba kilo 30 tu. Vizuizi vya barabarani vilikuwapo kwa kazi hiyo. Hebu jifikirie wewe umekwenda kwenu kusalimia, mama amekufungia gunia moja la mahindi uje ule na wenzako mjini. Kwa gunia hilo la mama yako mzazi umeshakuwa mlanguzi.

Sasa ulizeni: mwaka 1973 na mwaka 1976, kabla ya mambo haya kufanywa, mkulima aliulizwa? Alipiga kura? Ushirika ulikuwa mali yake, aliuanzisha kwa fedha yake tangu enzi za mkoloni. Ulivunjwa kama unavyovunjwa mchezo wa watoto, mzazi akipita.

WALIOUPENDA WALIKUWA NA SABABU

Hapa ndipo vijana wengi wanapokosea. Wanadhani kila mkulima aliichukia NMC. Sivyo.

Katikati ya miaka ya 1970 serikali iliweka bei moja ya nchi nzima. Gunia la mahindi la Songea na gunia la Morogoro yalinunuliwa bei sawa. Kwa masikio ya mjini hilo ni jambo dogo, basi chukua ramani. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 900. Sumbawanga ni mbali zaidi. Mfanyabiashara anayetafuta faida hawezi kumlipa mkulima wa Sumbawanga sawa na wa Morogoro, kwa sababu mafuta ya lori yamo ndani ya gunia. NMC ililipa sawa, na gharama ya barabara ikaibeba yenyewe.

Matokeo yake yalionekana. Mikoa minne ya nyanda za juu kusini, yaani Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa, ikageuka kuwa ghala la taifa. Watu ambao wazazi wao waliishi kwa kwenda kutafuta vibarua mikoa mingine walianza kulima mahindi ya kuuza, kwa mbegu bora na mbolea ya ruzuku. Mzee wa Ruvuma anayekwambia leo kwamba NMC ilimwezesha kuezeka bati hadanganyi.

Sasa mgeukie mkulima wa Arusha au wa Morogoro. Huyu yuko karibu na mji, au karibu na mpaka wa Kenya. Wanunuzi wangemfuata mlangoni kwa bei nzuri. Lakini sheria inamwambia auze kwa bei ileile ya Sumbawanga. Kwa maneno mengine, aliyekuwa karibu na soko alizuiwa kufaidi ukaribu wake ili shirika liweze kumlipa aliyekuwa mbali. Naye akisema aliibiwa, hadanganyi.

Mnaona basi. Ni mahindi yaleyale, shirika lilelile, mizani ileile, na wakulima wawili wanaosema kweli huku wanapingana. Mwanasiasa akisimama jukwaani akasema "wakulima wanataka hiki," muulizeni kwanza: wakulima wa wapi?

MZIGO ULIVYOMSHINDA MBEBAJI

Mfumo ule ulikufa kwa madeni. NMC ilinunua kwa bei ya serikali, ikasafirisha kwa gharama kubwa, ikauza unga mjini kwa bei ambayo serikali hiyohiyo ilitaka iwe ndogo. Katikati palikuwa na shimo. Shimo lilizibwa kwa mikopo ya Benki ya Taifa ya Biashara, nayo benki ilikuwa ya serikali. Mkono wa kulia ulikuwa unaukopa mkono wa kushoto, na humo njiani walikuwamo watu waliojichotea.

Mkulima naye si mjinga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bei ya magendo ilikuwa juu mno kuliko ya shirika, na shilingi yenyewe haikuwa na kitu cha kununua dukani. Mahindi yakaanza kutembea usiku. Yaliyofika NMC yakapungua mwaka hadi mwaka, yakabaki hasa ya wale wa mbali, ambao walanguzi hawakuwafikia. Shirika likabaki na mzigo ulio ghali kuliko wote.

Serikali ilijibu kwanza kwa mabavu. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilianza ile kampeni kubwa dhidi ya wahujumu uchumi. Watu walikamatwa, wengine wakatupa bidhaa vichakani kwa hofu. Lakini mahindi hayakurudi NMC. Mwaka uliofuata serikali yenyewe ikaanza kulegeza. Mwaka 1984 kiwango cha kubeba bila kibali kikapandishwa kutoka kilo 30 hadi kilo 500, na ruzuku ya unga wa sembe ikaondolewa. Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, serikali ikatiliana sahihi na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 1987 vizuizi vya kusafirisha nafaka ndani ya nchi vikaondolewa. Ilipoanza miaka ya 1990, mfanyabiashara binafsi alikuwa ananunua kwa mkulima mchana kweupe, na bei moja ya nchi nzima ikawa hadithi.

Nauliza tena swali langu. Mambo haya yalipokuwa yanafunguliwa, mkulima aliulizwa? Hakuulizwa. Mengine yalisomwa ndani ya hotuba ya bajeti, mengine yaliandikwa katika mikataba na wakopeshaji. Mlango ulifungwa na wakubwa, ukafunguliwa na wakubwa. Mkulima alisikia redioni, mara zote mbili.

SOKO HURIA NA LUMBESA YAKE

Tusiwe wachoyo wa kusema kweli. Soko lilipofunguliwa, mji ulipumua. Foleni za unga ziliisha. Maelfu ya vijana walipata kazi ya kununua, kupakia, kusaga na kuuza, na baadhi yenu humu wazazi wenu waliwasomesha kwa biashara hiyo. Mkulima naye akaanza kupokea fedha mkononi siku ileile, badala ya stakabadhi.

Lakini kwa yule wa Songea na Sumbawanga mambo yaligeuka. Ruzuku ya mbolea ilipunguzwa hatua kwa hatua, na katikati ya miaka ya 1990 ikawa imeondolewa. Kwa hiyo mbolea ilipanda bei wakati uleule bei ya gunia shambani ilipoanza kukatwa gharama ya barabara. Waliokuwa karibu na mji walishangilia, waliokuwa mbali walihesabu hasara.

Kisha ikaja lumbesa. Mnaijua. Gunia la debe sita linajazwa, linaongezwa kilemba, linashonwa kwa kamba, linabeba debe saba, hata nane. Mkulima analipwa gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, na kila mwaka kiongozi fulani anapiga marufuku lumbesa mbele ya kamera. Mwaka unaofuata mwingine anapiga marufuku tena. Kitu kinachopigwa marufuku kila mwaka maana yake kipo na kina afya njema.

Kwa nini mkulima anakubali? Kwa sababu anauza mwezi wa saba, wakati kila jirani anauza. Ada ya shule inadaiwa, mkopo wa pembejeo unadaiwa, ghala hana, panya anao. Mnunuzi amekuja mmoja na lori moja. Mkulima huyo huyo mwezi wa pili utamkuta ananunua debe la mahindi kwa bei kubwa kuliko aliyouzia. Kwa hiyo wanaosema soko lilimfungua mkulima waseme na hili: zamani mnunuzi mmoja aliletwa na sheria, leo mkulima wa mbali anamkuta mnunuzi mmoja kwa sababu ya njaa ya fedha na ubovu wa barabara.

KOMEO LA UPANDE MMOJA

Mtaniambia, basi angalau sasa soko ni huru. Ni huru kwa nani?

Mwaka 2011 serikali ilipiga marufuku kuuza mahindi nje ya nchi. Mwaka 2017 ikapiga marufuku tena. Rais John Magufuli alitangaza Juni mwaka huo kwamba mahindi hayatatoka. Anayetaka kuuza nje asage, auze unga. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama wa chakula, na tusiidharau, maana msimu uliotangulia mvua ilikuwa mbaya na bei mijini ilikuwa imepanda. Lakini mavuno yalipoingia, mahindi yalijaa maghalani, mpaka umefungwa, bei nyanda za juu kusini ikaporomoka. Mkulima aliyekopa mbolea kwa hesabu ya bei ya juu aliuza kwa bei isiyolipa hata mbolea.

Sasa tazameni mchezo ulivyo. Bei ikishuka, mkulima anaambiwa avumilie, hili ni soko huria, serikali haifanyi biashara. Bei ikipanda, mkulima huyo huyo anaambiwa hili ni suala la usalama wa taifa, mpaka unafungwa. Hasara ni yake binafsi, faida ni ya wote. Hilo ni komeo lililowekwa upande mmoja wa mlango, na mwenye funguo ni yuleyule.

Ni kweli ipo Hifadhi ya Taifa ya Chakula, iliyoanza kazi mwaka 2008 badala ya ile akiba ya nafaka iliyoundwa mwaka 1991. Inanunua mahindi na kuyatunza kwa ajili ya njaa. Lakini haikuundwa kuwa NMC ya pili. Inanunua kadiri ya fedha iliyopewa, na fedha ikiisha, foleni ya magunia inabaki langoni.

Korosho si nafaka, ila somo ni lilelile, kwa hiyo nitaligusa. Kusini, mkulima wa korosho aliwekwa katika mfumo wa stakabadhi ghalani: anapeleka mzigo ghalani kupitia chama cha msingi, unauzwa kwa mnada. Mwaka 2013 malipo ya pili yalipokuja pungufu, nyumba zilichomwa moto Liwale. Mwaka 2018 wanunuzi walipotoa bei ndogo, serikali ilikataa, ikatangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaenda kubeba. Bei ilikuwa nzuri, na wakulima walishangilia. Kisha ukaja uhakiki, na malipo ya wengine yakavuka mwaka. Hata pale serikali ilipokuja kama mkombozi, mkulima alikuwa mtazamaji wa mali yake mwenyewe.

WENZETU WALIPIGA KURA

Hapa mtu mwenye akili atauliza: mkulima anaulizwaje? Utawaita mamilioni ya watu uwanja wa Jangwani wanyooshe mikono? Jibu ni kwamba ipo nchi iliyowauliza, na hadithi yake ina utamu na uchungu. Nchi hiyo ni Kanada. Sisi tunaifahamu kwa ngano. Ndiyo iliyosaidia kuanzisha mashamba makubwa ya ngano ya Hanang', yaliyokuwa chini ya shirika la umma la NAFCO, ambako Wabarbaig walipoteza malisho yao. Nao hawakuulizwa, lakini hilo ni la siku nyingine.

Huko kwao Kanada walikuwa na mfumo unaofanana na wetu. Bodi ya Ngano iliundwa mwaka 1935, na mwaka 1943 ikawa lazima. Mkulima wa mikoa ya magharibi, yaani Manitoba, Saskatchewan, Alberta na sehemu ya British Columbia, hakuruhusiwa kuuza ngano ya chakula au ya kwenda nje kwa mtu mwingine yeyote. Bodi iliyokuwa na makao yake Winnipeg ilikusanya mauzo yote katika chungu kimoja, ikampa mkulima malipo ya awali, na mwisho wa mwaka ikagawa kilichobaki. Aliyeuza mwezi mbaya na aliyeuza mwezi mzuri walipata bei moja.

Na huko pia wakulima waligawanyika, na mgawanyiko wao mngeutambua. Wengine walisema: mimi peke yangu mbele ya makampuni makubwa ya nafaka na reli ni sisimizi, nikiwa ndani ya Bodi tuna nguvu. Wengine, hasa walio jirani na mpaka wa Marekani, walisema: naona ghala la Mmarekani ng'ambo pale, analipa zaidi, kwa nini nisipeleke lori langu? Baadhi walipeleka. Mwaka 2002 wakulima 13 wa Alberta waliingia jela mjini Lethbridge baada ya kukataa kulipa faini za kuvusha nafaka bila kibali. Mzungu mwenye trekta lake anafungwa kwa kuuza ngano aliyoilima mwenyewe! Kumbe vizuizi vya kilo 30 vina ndugu zake hata Ulaya na Amerika.

Tofauti iko hapa. Mwaka 1997 walipigishwa kura kuhusu shayiri, na takriban asilimia 63 wakachagua kubaki na Bodi. Mwaka 1998 sheria ikarekebishwa: wakurugenzi wa Bodi wakawa 15, na 10 kati yao wakachaguliwa na wakulima wenyewe. Sheria hiyo ikaongeza kwamba waziri asipeleke bungeni muswada wa kuondoa zao katika Bodi bila kwanza wakulima kupiga kura. Jamani, hebu tuliangalie jambo hilo. Sheria ya nchi inamwambia waziri: hii ngano si yako, rudi ukaulize.

Utamu umeisha, sasa uchungu. Mwaka 2007 serikali ya Waziri Mkuu Stephen Harper, isiyoipenda Bodi, iliitisha kura nyingine ya shayiri, safari hii yenye majibu matatu badala ya mawili. Karibu asilimia 38 walitaka Bodi pekee, kama asilimia 48 walitaka uhuru wa kuuza kwa Bodi au kwa mwingine, na kama 14 walitaka Bodi itoke kabisa. Serikali ikajumlisha mafungu mawili ya mwisho, ikasema wengi wanataka mageuzi. Wapinzani wakasema swali lilipikwa. Mahakama ikazuia mabadiliko hayo kufanywa kwa amri ya serikali bila Bunge.

Mwaka 2011 Harper akashinda wingi bungeni, na serikali yake ikasema uchaguzi mkuu ule ndiyo kura yenyewe, haihitajiki nyingine. Bodi ikaamua kuendesha kura yake: asilimia 62 ya waliopiga kura ya ngano na asilimia 51 ya shayiri wakataka ibaki. Serikali haikujali. Desemba mwaka huo jaji akasema waziri amevunja sheria kwa kutowauliza wakulima. Muswada ukapitishwa hivyo hivyo, na mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikaipa serikali haki. Tarehe 1 Agosti 2012 ulazima ukaisha. Mwaka 2015 hisa zaidi ya nusu za Bodi ile zikachukuliwa na ubia wa kampuni ya Bunge ya Marekani na kampuni moja ya Saudia. Msicheke, Bunge hapo ni jina la kampuni ya nafaka.

Je, wakulima wa Kanada waliumia au walinufaika? Wanabishana mpaka leo. Waliotaka uhuru walipata uhuru, na wengi wanaufurahia. Lakini mavuno makubwa ya mwaka 2013 yalikwama kwa kukosa mabehewa, hadi Machi 2014 serikali ileile iliyosema inatoka sokoni ikayaamuru makampuni mawili ya reli yabebe kila moja tani 500,000 kwa wiki. Barabara na reli, ndugu zangu. Kila mahali ubishi wa nafaka ukichimba chini unakuta barabara na reli.

Jambo ninalolichukua mimi kutoka Kanada ni hili. Hata walioshindwa kule wanazo namba mkononi. Wanaweza kumwonyesha waziri: tulikuwa asilimia kadhaa, ukatupuuza. Hapa kwetu mkulima hana hata namba ya kulalamikia. Aliyependa NMC na aliyeichukia wote wamebaki na simulizi za barazani.

SISI WA MJINI TUMO

Namalizia na sisi wenyewe, maana hatuwezi kujitoa.

Kwa nini serikali, ya zamani na ya sasa, hufunga mpaka bei ya unga inapopanda? Kwa sababu inatuogopa sisi. Mkulima akikasirika yuko mbali, amesambaa, na kesho ana shamba la kulima. Kijana wa mjini akikosa ugali yuko barabarani saa hiyo hiyo. Watawala wa Zambia walilijua hilo. Desemba 1986 unga ulipopandishwa bei, vijana wa miji ya Copperbelt waliingia mitaani, watu wakafa, na serikali ya Kenneth Kaunda ikarudisha ruzuku. Juni 1990 unga ukapanda tena, ghasia zikarudi, na mwaka uliofuata Kaunda alishindwa uchaguzi. Kila Ikulu ya Afrika ilisoma somo hilo.

Kwa hiyo kila marufuku ya kuuza mahindi nje hufanywa kwa jina letu. Wewe unanunua unga nafuu kwa miezi michache, na aliyeulipia unafuu huo ni mama yako, kisha unamrudishia kwa simu, ukikatwa na ada ya kutuma. Hesabu hiyo ameifanya nani? Serikali ikitaka mji ule kwa bei nafuu, jambo hilo lina gharama, na gharama hiyo iwekwe wazi katika bajeti ya wote, isichukuliwe kimyakimya shambani kwa mzee wa Rukwa.

Mimi sisemi turudishe NMC. Wala sisemi mkulima aachwe peke yake na mwenye lori. Nasema mambo matatu, nayo yanadaiwa kwa kura na kwa sauti.

Kwanza, serikali ikitaka kufunga mpaka, itangaze kabla watu hawajapanda. Ikifunga baada ya mavuno, inunue mzigo kwa bei iliyokuwapo siku ya kufunga. Asiyeweza kununua asifunge.

Pili, mizani. Kila penye soko la nafaka, gunia lipimwe kwa kilo na mkulima asome mwenyewe. Tuache kutangaza vita ya lumbesa kila mwaka, tupeleke mizani.

Tatu, na hili ndilo kubwa: zao lolote lisiingizwe katika mfumo wa lazima wala kutolewa bila wakulima wa zao hilo kupiga kura, mkoa kwa mkoa, kwa swali moja lisilopikwa. Wa Ruvuma wataamua ya Ruvuma, wa Manyara ya Manyara. Wakikosea, watakuwa wamekosea wao, na watasahihisha wao.

Najua tutaambiwa mkulima hajaelimika, hawezi kuamua mambo ya masoko. Huyo anayesemwa hajaelimika ndiye aliyeyapitisha mahindi usiku kwenye vizuizi vya serikali nzima, akalisha miji wakati shirika limeshindwa. Biashara anaijua. Kitu ambacho hajapewa tangu mwaka 1973 ni nafasi ya kusema ndiyo au hapana kabla uamuzi haujasomwa redioni.

Leo jioni mkila ugali, jiulizeni bei ile nani aliipanga, na nani hakuwepo ilipopangwa.